Marafiki wa Alhamisi

Muriel Tranter alishuka kwenye baiskeli kabla mlima haujaanza vizuri, akaisukuma huku akirudia kimoyomoyo maneno atakayowaambia wanaume wawili ambao hajapata kuwaona.

Maneno hayo alikuwa ameyapanga tangu mwezi wa pili, siku aliyomzika mumewe, Desmond. Siku ile aliwawekea Cyril na Norman nafasi kwenye benchi la mbele kanisani, akamwomba mchungaji asubiri kidogo, na mchungaji akasubiri. Hawakutokea. Hawakuandika wala hawakupiga simu. Watu waliozunguka na Desmond kila Alhamisi kwa miaka, wakicheka naye, wakinywa naye chai, wameshindwa hata kuja kumfukia.

Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa baiskeli. Desmond alipostaafu alinunua mbili, yake na ya mkewe. Muriel aliipanda yake mara mbili tu. Mara ya pili mvua iliwakuta mbali na nyumba yoyote, akarudi kalowa chapachapa, akasema basi, mambo hayo amwachie yeye. Desmond hakubisha. Hakuwa mtu wa kubisha. Aliendelea kwenda peke yake mpaka moyo ulipoanza kumsumbua, na hapo Muriel akaweka sharti: bila wenzake haendi. Hakutaka kuja kugongewa mlango aambiwe mumewe ameokotwa mtaroni.

Alhamisi iliyofuata Desmond alirudi na habari kwamba amewapata wenzake. Tangu hapo hakukosa la kusimulia. Goti la Norman, jinsi linavyolia likipanda mlima. Cyril alivyofukuzwa na bata bukini mpaka akapoteza kiatu. Muriel alisikiliza huku anaosha vyombo, na siku moja akamtania kwamba inaonekana ameoa huko. Alicheka aliposema hivyo, lakini hakuona cha kuchekesha. Siku nyingine zote za wiki nyumba yao ilikuwa kimya, kila mtu na gazeti lake.

Sasa hata mlio wa kugeuza gazeti haukuwepo. Kuna siku alijikuta amewasha redio akaiacha inazungumza jikoni, yeye yuko juu chumbani.

Baiskeli yake aliitoa bandani akidhani ataikuta imekufa. Aliikuta matairi yamejaa upepo, mnyororo umepakwa mafuta. Hakushangaa sana. Desmond alikuwa hivyo, hata koleo asilolitumia alilifuta vumbi.

Juu ya mlima alipumzika, akapanda tena, akateremka taratibu kati ya michongoma iliyochanua maua meupe pande zote mbili. Bondeni alilazimika kusimama. Kondoo walikuwa wanavushwa barabara, na mfugaji, mwanamume mnene mwenye mabuti ya mvua, ameegemea lango akiwatazama kama mtu asiye na haraka na chochote.

"Vumilia kidogo, bibi," alisema. "Hawa wakiona mtu ana safari ndiyo wanazidi kujivuta."

Kisha akamuuliza kama anamfahamu mzee mmoja wa kofia ya kijani, naye hupita njia hiyo na baiskeli. Muriel akajibu kwamba anamfahamu.

"Siku hizi simwoni. Alikuwa akipita hapa ni soga tu, kichwa kageuza nyuma. Nikamwambia, mzee wewe, soga zako ipo siku zitakutia mtaroni."

"Alikuwa na mengi ya kusema?"

"Yule? Nilimsikia kabla sijamwona."

Kondoo wa mwisho alipita. Muriel aliaga, akaondoka. Mezani Desmond aliweza kumaliza mkate na yai bila kutoa neno, ila labda kuomba jamu. Kumbe maneno alikuwa nayo. Alikuwa anawawekea wenzake. Alikanyaga pedali kwa nguvu ambazo hakujua anazo, na maneno aliyoyapanga yakazidi kuwa makali.

Mkahawa wa Aldersley ulikuwa nyuma ya kanisa, kijumba cha mawe chenye meza chache. Desmond alikuwa ameutaja mara nyingi: hapo ndipo walipokuwa wakipumzika kila Alhamisi. Nje hapakuwa na baiskeli yoyote. Muriel aliegemeza yake ukutani, akatengeneza nywele, akaingia. Aliagiza chai na skonzi, akakaa akitazamana na mlango.

Alingoja sana. Mume na mke wenye mbwa waliingia, wakala, wakatoka. Chai ikapoa. Hatimaye alimwita mwenye mkahawa, mwanamke wa makamo aliyeitwa Gwenda, akamuuliza wale wazee wawili wa baiskeli, Cyril na Norman, kwa kawaida hufika saa ngapi.

Gwenda alifikiri. "Hao siwajui, mama. Anayekuja na baiskeli Alhamisi ni mmoja tu, mzee wa kofia ya kijani. Mpole sana. Naye kapotea siku nyingi."

Muriel aliweka kijiko chini. Alisema huyo ni mume wake, na kwamba amefariki.

Gwenda alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa. Alimpa pole, akamshika mkono. Nje kengele ya kanisa iligonga, ikatulia. Muriel hakulia. Aliuliza tena, safari hii kwa sauti ndogo kama anayeogopa jibu, mumewe alikuwa akikaa na nani hapa.

"Alikuwa anakaa peke yake," Gwenda alisema. "Ila chai aliagiza ya watu wawili, kila mara. Alisema mkewe yuko nyuma kidogo, milima inamchosha, lakini anakuja."