Asali ya Mgeni

Wafugaji nyuki wa Nyangezi walimpokea Elodie, mwalimu wao kutoka Bukavu, kwa vigelegele na beseni la asali.

Kati ya masega, mabuu meupe yalikuwa bado yanajinyonganyonga.

"Mumekata yote?"

"Yote, Madame!" mwenyekiti alicheka. "Mwalimu anafika, tumupe nusu? Hiyo ni haya kubwa."

Elodie alikuwa amewarudia somo moja mpaka sauti ikamkauka: akiba ya nyuki ya msimu wa mvua haiguswi.

"Na nyuki zitakula nini mpaka maua irudi?"

"Nyuki? Leo ni weye utakula. Onja, maman."

Wote walimtazama mdomo. Elodie alilibeba beseni, akashika njia ya mzingani.

"Madame! Unapeleka asali wapi?"

"Kwa wenyewe."