Uso wa Nguzoni

Padri alipomwagiza fundi Teodori achonge mchawi kwenye nguzo ya mlango wa kanisa, ili waumini wamwogope Shetani, Teodori alikuwa ametoka kumzika mkewe, aliyefia uzazini. Kwa uchungu akampa mchawi yule sura ya Ermelinda, mkunga aliyeshindwa kumwokoa mkewe. Hata kovu la kidevuni hakulisahau.

Haikupita miezi miwili watu wakautambua uso ule, na hakuna aliyemwita Ermelinda kuzalisha tena. Wanawake waliitemea mate nguzo ile wakienda misa, na wakikutana naye njiani waliwafunika watoto wao nyuso.

Asubuhi moja mkunga huyo alikuja kanisani, Teodori akiwa kazini, akipapasa ukuta, maana macho yake yalikuwa yameingia ukungu.

"Fundi," alisema, "watu wanasema mchawi wako ana kovu kama langu. Mimi sioni. Niambie wewe, najua hutanidanganya. Nilikesha na mkeo siku tatu."

Teodori alitaka kusema ni uzushi, lakini akakumbuka. Siku zile tatu, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwachemshia maji.

"Ni wewe, mama," akasema. "Nilikuonea. Niruhusu niuvunje uso huu sasa hivi."

Ermelinda alinyoosha mkono, na Teodori akauongoza hadi kwenye jiwe la nguzo. Vidole vya mkunga vikapita kwenye paji la uso, vikashuka puani, vikafika kidevuni, vikatua hapo. Kengele ya misa ikaanza kulia. Teodori alisimama na nyundo na patasi, akingoja mkunga aondoe mkono.