Chema Chajiuza

Kwenye mkutano wa kanda wa programu huria, muuguzi alipanda jukwaani kuisifia programu ya kukokotoa dozi za watoto. Mtunzi wake, aliyekaa safu ya tatu, alikuwa akitabasamu hadi masikioni. Aliiweka mtandaoni miaka minne iliyopita, kila mwenye shida nayo aichukue bure. Kumbe imefika mbali hivi!

"Sisi tunaitumia wodi ya njiti," muuguzi alisema, "hawa wanaozaliwa kabla ya siku zao."

Tabasamu likamkauka. Kwenye skrini muuguzi alijaza uzito wa kilo moja na nusu, na programu ikaugeuza kilo mbili. Mtunzi mwenyewe ndiye aliyeiagiza isitake nusunusu, ipandishe hadi kilo nzima. Wakati ule aliwafikiria watoto wa shule, ambao nusu kilo si kitu kwao.

Akasimama. "Dada, samahani. Iko hospitali ngapi?"

"Nani atazihesabu, kaka? Sisi tulinakili kwa hospitali jirani, wengine wakanakili kwetu. Nyingine hazina hata mtandao." Akacheka. "Chema chajiuza!"

"Jamani, huyo ndiye mtunzi mwenyewe!" mwenyekiti akadakia.

Ukumbi mzima ukainuka kwa makofi. Mtunzi alisema kitu, hakuna aliyemsikia. Muuguzi akashuka mbio, akamkumbatia, machozi yakimlengalenga.

"Izimeni," mtunzi akamwambia sikioni. "Nawasihi, izimeni. Inazidisha dawa."

Mkono uliokuwa ukimpigapiga mgongoni ukatulia.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Watu walikuwa bado wanapiga makofi.