Tone la Manjano

Kijiji kizima cha Mbuchi kilisema maziwa ya mwanzo ya mzazi ni usaha, yanaozesha tumbo la kichanga. Afadhali ya kopo, siku hizi yamejaa tele madukani Ikwiriri. Maneno hayo ya kisimani yalimng'ang'ania Waride, aliyejifungua alfajiri.

Basi akaketi kwenye kigoda, akalielekeza ziwa kwenye majivu ya jikoni, akaanza kukamua. Maziwa ya kopo, yaliyokorogwa kwa maji ya mto, yalikuwa tayari kikombeni.

Tone likaning'inia kwenye chuchu, zito, la manjano kama kiini cha yai.

"Unamwaga nini, mwanangu?" mkunga aliyemzalisha akauliza kutoka mlangoni.

"Uchafu, bibi."

"Uchafu umo kikombeni humo! Tumbo la mtoto ni shamba jipya. Hiyo dang'a, maziwa ya kwanza ya manjano, inapanda vijidudu vyema. Ukitanguliza maji ya mto, vibaya ndivyo vitakavyoota. Kwani wewe ulilelewa na kopo?"

Mtoto akalia. Waride akamwinua, na tone likamdondokea mdomoni. Ulimi ukalifuata.

Nawe mwenye kichanga, epuka haya: kumwaga dang'a. Maji ya mto. Maji ya sukari. Chupa. Kopo la dukani. Na maneno ya kisimani.