Nukta za Bluu Kwenye Tepu

Ugonjwa ulipofunga shule, mama alishona barakoa mchana kutwa. Bintiye alipita nyuma ya cherehani kama moshi, akisema, "Nimeshakula."

Shule zilipokaribia kufunguliwa, sketi ya shule ilimpwaya binti. Vumbi la pamba lilielea kwenye jua la asubuhi.

"Hebu simama nikupime, mwanangu."

Tepu ilipozunguka kiuno, mama aliona kwenye tepu nukta za wino wa bluu wa kalamu ya bintiye, zikishuka namba kwa namba. Kidole chake kiliangukia nukta ya pili kutoka mwisho.

"Bado moja tu, mama," binti alinong'ona, amefumba macho kama anayeota.

Mama akachukua mkasi wa kitambaa, ule usioruhusiwa kukata hata karatasi, akaikatakata tepu.

"Sasa utanipima na nini?"

"Na mikono."

Mikono ya mama ikamzunguka, ikapishana, viganja vikafika kwenye viwiko vyake mwenyewe.