Kopo Kwenye Msumari wa Juu

Haya alinisimulia mama wa fundi cherehani, jirani yangu, wiki moja tangu bintiye amlete mjini. Tulikuwa barazani tunachambua mboga. Nilimuuliza mbona ameyaacha maua yake yote kule shamba. Akaweka kisu chini.

Binti alipokwenda kumchukua ulikuwa msimu wa maua. Jua la upole, upepo mwanana, na bustani ya marehemu baba yake imechanua kutoka mlangoni hadi getini: waridi, asumini, alizeti zinazompita mtu kimo. Walikunywa chai nje. Wakatembea polepole kati ya matuta, wameshikana mikono, wakiinama kunusa hili na lile. Binti akasahau hata nguo za wateja wake.

"Pazuri, Mama. Lakini huwezi kukaa hapa peke yako. Mkono wenyewe huo hauinuki kupita bega."

"Nani kakwambia niko peke yangu? Baba yako huja kila mchana kumwagilia maua."

"Baba? Alipokuwa hai mpaka umgombeze mara tatu! Sasa yuko kaburini ndiyo kapata bidii?"

"Cheka tu. Utaona."

Na kweli. Baada ya chakula walijilaza, na binti alipoamka alikuta matuta yamelowa chapachapa, kopo la kumwagilia liko chini, kando ya mlango. Siku ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu pia. Majirani walikuwa mbali, na geti lilifungwa kwa komeo la ndani.

Lakini fundi ni mtu wa kushika kitu mkononi ndipo aamini. Siku ya nne, wakitoa vyombo mezani, akasema, "Mama, tuwekeane ahadi. Nikihakikisha si wewe unayeamka kumwagilia, utabaki hapa hapa na mjini sitapataja tena. Nikikukamata, kesho tunaondoka."

Mama akazitazama kuta. Nyumba ile aliingia akiwa bibi harusi.

"Hakikisha utakavyo, mwanangu."

Mama alipolala na kufumba macho, binti akatoa sindano na uzi mweupe. Akapiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikizia nguo kabla haijashonwa, kutoka kwenye gauni la mama mpaka kwenye godoro, pande zote mbili. Mtu akijiinua tu, uzi unakatika. Kisha akatandika mkeka mlangoni, akajilaza kwa kuziba njia.

Alipoamka alikagua bandi kwanza. Hakuna mshono hata mmoja uliokatika. Akatoka nje. Akarudi mbio, macho yamemtoka pima.

"Mama! Waridi zinadondoka maji! Na kopo..." Akakaa chini, puu. "Kopo limetundikwa kwenye ule msumari wa juu, mdomo chini. Vile vile alivyokuwa akilitundika Baba."

Mama akafumba tena macho.

"Nisamehe, Mama. Umeshinda. Kaa na mumeo, sikusumbui tena." Akawa anakata uzi kwa wembe, huku anacheka, huku anafuta machozi. "Ila mwambie na mimi anisalimie, asinipite mlangoni kama gunia."

Jioni harufu ya asumini ikaingia dirishani, tamu kuliko siku zote. Binti akapanda kitandani mapema, mwepesi kama aliyetua mzigo. Mama akafunga dirisha. Akamtikisa bega.

"Mwanangu. Kesho nichukue."

"Si umeshinda, Mama?"

"Nichukue."

"Haya, Mama, tutaongea asubuhi," binti akasema, akageukia ukutani, na mara akaanza kukoroma.

Mama akabaki anautazama mkono wake. Siku zile tatu alikuwa akinyata yeye mwenyewe na kopo, binti akikoroma hivi hivi. Leo alikuwa macho tangu sindano ya kwanza, hakuthubutu hata kujigeuza, na aliyasikia maji yakimwagwa tuta kwa tuta mpaka chini ya dirisha, na kile kikohozi kidogo cha marehemu mumewe. Akavuta shuka mpaka usoni, akajibana mgongoni kwa bintiye, mpaka usingizi ukamchukua.