Glasi Tupu ya Bwana Lenzi

"Gugu gani?" Bwana Lenzi aliinua glasi tupu. "Umesema umemwaga gugu gani?"

Dada wa usafi aliegemeza ufagio ukutani. Bwana Lenzi, mtaalamu wa mimea, walimbandika jina hilo kwa sababu ya lenzi iliyomning'inia shingoni hata akienda msalani.

"Lililokuwa humo, mkubwa. Nikajua mmelisahau."

"Siku nne jangwani! Gari limekwama mara tatu, nusura ninywe maji ya rejeta, nimepata ua moja. Moja! La ukoo wa jenshiani, ile mimea michungu, tena aina ambayo haijaonekana popote duniani. Wageni wanakuja saa nne kulitazama." Akamnyooshea kidole. "Lisipoonekana, na wewe usionekane."

Ilikuwa saa nne kasorobo. Kazi hii Dada aliipata baada ya kuzunguka mwaka mzima hadi kandambili zikatoboka.

Alitoka mbio hadi nyuma ya jiko, anakomwaga maji ya deki na kukwangulia buti za mkubwa kila arudipo kutoka jangwani. Dakika mbili hazikuisha, huyo karudi na ua la rangi ya waridi, shina likidondosha maji.

"Nimelisuuza."

Bwana Lenzi alilipokea kama kichanga, akabandika jicho kwenye lenzi. Majani mawili mawili, yametazamana, hayana vikonyo. Petali tano, zimeshikana chini. Vijiti vya chavua vimejisokota kama skrubu. Akang'ata ncha ya jani, uso ukakunjamana kama tambara la deki.

"Chungu kama shubiri! Ndilo lenyewe!" Kisha akasita. "Mbona kama limenenepa?"

"Limekunywa maji, mkubwa."

"Ee, hata mimi nilinenepa nilipotoka kule." Akacheka, machozi yakimlenga. "Ungenipotezea kitu ambacho dunia nzima kimebaki kimoja, mwanangu."

"Nisamehe, mkubwa."

Honi ikalia getini. Papo hapo mtunza bustani akachungulia dirishani, amekumbatia mzigo wa maua ya rangi ile ile ya waridi, mizizi ikimmwagia mchanga tumboni.

"Dada, haya magugu yako ya pale unapokwangulia buti yamejaa tele. Niyachome yote?"

"Choma yote!" akafoka Bwana Lenzi, jicho halijabanduka kwenye lenzi. "Wageni wasikute uchafu!"